Akikuita "Matata" Usinune

Mwezi huu naomba niweke pembeni mada niliyokuwa nimeiandaa, maana kuna ujumbe umeingia kwenye simu ya ofisi ambao nimeshindwa kuupita hivi hivi. Unatoka kwa dada mmoja, mhasibu, mchumba wa kijana wa Kinigeria aliyeletwa hapa Dar na kazi. Wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kiingereza. Shida inaanza jioni, kijana akimpigia mama yake simu. Hapo ni Kihausa mwanzo mwisho, na dada anasikia jina lake likitajwa, halafu "matata". Jina lake tena, "matata" tena. Anauliza kama mchumba anamsema vibaya kwa mama mkwe. Anaongeza kuwa mwisho wa mwaka wanakwenda kwao, mama hajui Kiingereza, na yeye hajui hata kusalimia.

Dada yangu, pumua. Kwa Kihausa mata ni mke, na matata ni "mke wangu". Mtu yuko kwenye simu anamwambia mama yake "mke wangu hivi, mke wangu vile", na wewe uko jikoni umevimba kama andazi! Kama kuna wa kununa hapo labda ni baba yako, maana mahari bado haijatolewa.

Nawe una njia ya kulipiza. Mume ni miji, na "mume wangu" ni mijina. Mwite hivyo mbele ya mashosti zako uone watakavyoangaliana, wakijiuliza ni miji gani tena hiyo unayoitaja.

Lakini tusiishie kwenye kucheka. Nimeona mahusiano ya watu wa makabila mawili, hata hapa hapa nchini, yakiyumba kwa vitu vidogo kuliko hivi. Mtu anasikia neno, analipima kwa mizani ya kwao, anakasirika kimya kimya, na mwenzake hajui hata kosa ni lipi. Kihausa kwa sikio la Mswahili kina mitego mingi ya aina hiyo, kwa sababu maneno yake mengi yanaishia na irabu kama yetu na unadhani umeyaelewa. Babu kwao siyo mzee wa nyumbani. Babu ni "hakuna". Ukisikia babu kudi, hakuna pesa, na hiyo hata mkalimani haihitaji. Ukisikia babu laifi, ni "hakuna kosa", yaani poa tu. Sasa babu mwenyewe wanamwitaje? Wanamwita kaka, na bibi naye ni kaka. Kwa hiyo mchumba akikuahidi kukupeleka kwa kaka yake, usijiandae kukutana na shemeji kijana. Beba kitenge cha kumpa mtu mzima.

Gari ni mji. Dari ni mia moja. Dubu ni elfu moja. Karatu, ambayo sisi tunaijua kama njia ya kwenda Ngorongoro, kwao ni kusoma. Na chakula kimoja kinachopendwa sana kaskazini mwa Nigeria ni shinkafa da wake. Shinkafa ni wali. Wake ni kunde au maharage, wala siyo wake wa mtu. Wanakula na mafuta na pilipili ya kusaga, na ni kitamu hasa.

Upande wa pili kuna maneno ambayo utayajua bila kufundishwa. Sukari ni sukari. Siri ni sirri. Habari ni labari, wakati ni lokaci (hiyo c isome kama "ch" yetu), heri ni alheri, baraka ni albarka, kitabu ni littafi. Siyo kwamba wao walichukua kwetu wala sisi kwao. Wote tulikopa kwa Mwarabu, sisi kwa njia ya jahazi, wao kwa njia ya ngamia kuvuka jangwa la Sahara. Tofauti ni kwamba wao mara nyingi walilibeba neno pamoja na ile "al" ya mbele, ndiyo maana kuna hiyo L inayokuchanganya. Sisi tulifanya hivyo kwenye Alhamisi tu na maneno machache mengine. Hata sokoni hutaibiwa kirahisi: ishirini ni ashirin, thelathini talatin, arobaini arba'in, hamsini hamsin, sitini sittin, sabini saba'in, themanini tamanin, tisini casa'in. Kuanzia 20 hadi 90 unahesabu Kihausa bila kwenda darasani!

Haya, tuje kwenye salamu, maana ndiko mama mkwe atakakokupimia. Siyo siri, vijana wa mjini tumeua salamu. Mtu anaingia ofisini, "mambo", "poa", kompyuta imewashwa. Kwa Wahausa ukifanya hivyo kwa mtu mzima umeshafeli kabla ya kukaa. Salamu yao inakwenda hatua kwa hatua, kama ya bibi zetu vijijini ambao walikuuliza habari za mbuzi kabla ya kukuuliza umefuata nini.

Asubuhi unaanza na Ina kwana? Kwana ni kulala usiku hadi kukuche, kwa hiyo unamuuliza usiku umepitaje, sawa kabisa na "umelalaje?" ya kwetu. Jibu ni Lafiya lau, salama kabisa. Hiyo lafiya ni ndugu wa "afya" yetu, ila kwao imepanuka: ni uzima, ni salama, ni amani. Mchana unasema Ina wuni?, kushindaje. Halafu inakuja ile ninayoipenda kuliko zote, Ina gajiya? Gajiya ni uchovu. Unamuuliza mtu habari ya uchovu wake, naye anajibu Ba gajiya, hakuna uchovu, hata kama miguu inawaka moto. Kuna Ina aiki?, habari ya kazi, na jibu lake ni Aiki da godiya, kazi inakwenda na tunashukuru. Kuna Ina iyali?, habari ya familia.

Angalia sasa uzuri wa hizi salamu kwa mtu anayejifunza. Kihausa kina "wewe" mbili, moja ya mwanamume na nyingine ya mwanamke, na mgeni huzichanganya kila siku. Lakini Ina kwana, Ina wuni na Ina gajiya hazina "wewe" ndani yake. Unamwambia baba, unamwambia mama, unamwambia mtoto, hukosei. Dada, anza na hizo tatu. Chuchumaa kidogo unapomsalimia mama, kama wanavyofanya watu wengi wa kwetu, na hapo tayari umeshajieleza nusu.

Neno jingine la kubeba mkobani ni sannu. Kama kuna neno moja la Kihausa ambalo Mswahili anaweza kulielewa kwa moyo, ni hili, kwa sababu linafanya kazi karibu zote za "pole" yetu. Mtu amejikwaa, unamwambia sannu. Umemkuta anafanya kazi, sannu da aiki, ndiyo "pole na kazi" hiyo hiyo. Amerudi kutoka safari, sannu da zuwa, yaani pole na safari na karibu, vyote kwa pamoja. Na ukitaka kusema polepole? Sannu sannu. Wana hata methali, sannu ba ta hana zuwa, kwenda polepole hakuzuii kufika. Ukifikiria kwamba Bagamoyo na Kano ziko pande mbili za bara hili, inashangaza. Waingereza na lugha yao yote hawana neno la hivi. Ndiyo maana Wanigeria wakiongea Kiingereza wanakwambia "sori" umejikwaa mwenyewe, na Mzungu anashangaa, kwani ni wewe uliyemsukuma? Bila shaka mchumba wako ameshakwambia "sori" za namna hiyo nyingi. Alikuwa anakwambia pole, bibie. Kumbe mlikuwa mnaelewana bila kujua.

Ile sannu peke yake ni salamu pia, na hapo ndipo "pole" yetu inapoachana nayo. Wewe ukiambiwa sannu mlangoni, usianze kueleza yaliyokusibu. Jibu yauwa, sannu, ingia ndani.

Sasa mambo ya chumbani, au tuseme ya sebuleni kwanza. "Nakupenda" kwa mwanamume ni Ina sonka. Kwa mwanamke ni Ina sonki. Hiyo herufi moja ya mwisho ichunge kama yai. Na kitenzi chenyewe, so, kinabeba kupenda na kutaka pamoja. Ina son shayi, nataka chai. Ina sonki, nakupenda. Kwetu mwanamume akikwambia "nakutaka" wakati mnachumbiana, mama yako akisikia ataita kikao. Kwao neno ni hilo hilo moja, la chai na la mke, na hakuna anayeshtuka. Basi siku mchumba wako akitafsiri kutoka kichwani kwake na kukuambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kuwa anakutaka, usimvue pete.

Mapenzi ya watu wawili, ya kupendana, yanaitwa soyayya. Mkia ule wa neno unafanya kazi kama "-ana" yetu: lazima kuwe na wawili, huku na huku. Neno hilo ndilo lililopewa riwaya zile za bei rahisi zilizoanza kufurika masoko ya Kano kuanzia miaka ya 1980, nyingi zikiandikwa na wanawake na kusomwa na wanawake. Ukiwauliza wazee watakwambia zinaharibu mabinti. Ukiwauliza mabinti, huko ndiko walikojifunza kwamba mtu anaweza kuulizwa anataka kuolewa na nani.

Mtihani utakaokutesa zaidi labda ni neno kunya. Kamusi itakwambia ni aibu, lakini ni zaidi ya hapo. Ni haya, staha, kujizuia mbele za watu. Kwa kunya, wanandoa wa Kihausa wa desturi hawaitani majina yao mbele ya wakubwa. Mke hamtaji mume kwa jina, na mume naye anazunguka. Wazazi wengine hata mtoto wao wa kwanza hawamwiti jina lake waziwazi, wala hawamdekezi mbele za watu. Mke atasema maigida, mwenye nyumba. (Kwa sisi tuliopanga, "mwenye nyumba" ni mtu wa kukimbiwa tarehe mosi. Kwao ni mume, au hata bosi.) Kwa hiyo mkifika kwao, yule kijana aliyekuwa anakushika mkono Coco Beach atakaa kiti cha mbali, hatakuangalia, hatakuita jina. Utalala unalia kwamba amekubadilikia. Hajabadilika. Anakuheshimu kwa namna ambayo mama yake anaielewa. Bibi zetu wa Pwani wanalijua hili vizuri, wao waliomwita mume "baba fulani" miaka arobaini.

Hata hivyo mimi sisemi ukubali kila kitu kwa sababu ni desturi. Muulize kabla hamjapanda ndege: huko nyumbani utaniita nani? Nikae wapi? Nikikuhitaji katikati ya watu, nifanyeje? Mwanamume anayekupenda atakujibu haya yote, na kuna mengine atakuambia kabla hujauliza.

Na kuna maneno mengine matatu ambayo ningependa uyajue, tena uyajue kabla ya mahari. Uwargida, amarya na kishiya. Uwargida, kwa neno kwa neno, ni mama wa nyumba. Amarya ni bi harusi. Ukisikia hivyo unaona ni mazuri tu, na kweli ni mazuri. Lakini kwenye nyumba ya mitala uwargida ni mke mkubwa na amarya ni yule aliyeingia mwisho, hata kama ameshakaa miaka. Anayeitwa uwargida huenda ni peke yake, huenda ana mwenzake chumba cha pili. Huyo mwenzake ndiye kishiya.

Hapa lugha zetu mbili zinaachana njia panda. Kiswahili kinasema "mke mwenza", yaani mwenzako, mshirika wako, kama vile mmefungua duka pamoja. Kihausa kimelitoa neno hilo kwenye kishi, na kishi ni wivu. Mke mwenza, kwa Kihausa, ni mtu wa wivu. Sijui wewe unaonaje, lakini mimi naona Wahausa wamekuwa wakweli zaidi. Sisi tumelifunika neno kwa kitambaa cheupe.

Kuna mwandishi wa Kano, Balaraba Ramat Yakubu, ambaye riwaya yake ya mwaka 1990, Alhaki Kuykuyo Ne, ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2012. Ni kisa cha mume anayeleta mke mpya, na mama wa watoto anayejikuta nje. Lile neno la kwanza, alhaki, ni ndugu wa "haki" yetu, ila kwa Kihausa limegeuka kuwa dhambi inayokuganda mpaka uilipe. Haki ya mtu uliyemdhulumu inakufuata nyuma kama mbwa mdogo anavyomfuata mwenye mbwa. Mwandishi hakuwa anatania.

Dada, sikuambii mchumba wako ana mpango huo. Wahausa wengi wana mke mmoja maisha yao yote, kama ambavyo hapa kwetu wapo wenye mmoja msikitini au kanisani na watatu mtaani. Ninachosema ni kwamba katika lugha ya nyumbani kwao nafasi hiyo ina jina la kila siku, linatajwa mezani bila kushusha sauti. Wewe umekulia kwingine. Swali la "unafikiria nini kuhusu kishiya?" liulize sasa hivi, kwa neno lenyewe la Kihausa, umwangalie usoni. Neno la kwao halitampa nafasi ya kujifanya hajaelewa Kiingereza.

Akikujibu vibaya, utakuwa umelipa gharama ya swali tu. Akikujibu vizuri, mwambie na gode, asante, uendelee kuulizia kayan lefe. Hiyo ni mizigo ya bi harusi inayotoka kwa mume: vitenge, viatu, mikoba, manukato, vimepangwa kwenye masanduku na kina mama wanakuja kuvihesabu kwa macho. Watu wa Zanzibar hawahitaji maelezo hapo. Na karamu yenyewe ikifika, wataiita walima, na wewe utajiona uko nyumbani.

Mkikosana, maana mtakosana, neno ni hakuri. Maana yake ni subira. Mtu akitaka kukuomba radhi anakwambia ki yi hakuri, "fanya subira". Usimjibu kwa ukali kwamba umesubiri vya kutosha! Hakuambii usubiri. Anaomba msamaha. Wewe ukimwomba yeye ni ka yi hakuri, ile "wewe" ya kiume. Hapo utakuwa umeshaizoea.

Jambo la mwisho, na pengine lilipaswa kuwa la kwanza. Katika ujumbe wako hukusema mchumba anatoka mji gani. Umesema anaongea Kihausa, na umehitimisha kuwa ni Mhausa. Siyo lazima. Nigeria ina lugha zaidi ya 500, na Kihausa huko kaskazini ni kama Kiswahili huku kwetu, kinaongewa na makumi ya mamilioni wakiwemo wengi ambao bibi zao walikuwa na lugha nyingine. Kama anatoka Jimbo la Plateau, ule mwinuko wa Jos wenye baridi, lugha ya ukoo wake inaweza kuwa Kiberom, Kingas, Kimwaghavul, au Kipyam kinachoongewa upande wa Gindiri. Huko Kihausa ni cha sokoni na cha stendi. Na baada ya machafuko yaliyoikumba Jos mwaka 2001, 2008 na 2010, suala la nani ni Mhausa na nani siyo limekuwa zito. Mwite mtu wa huko "Mhausa" mbele ya baba yake, uone uso utakavyobadilika.

Na hapa kuna kioja. Kihausa, pamoja na labari na lokaci zake zinazotuchekea, ukoo wake ni mwingine kabisa. Hapa Tanzania ndugu zake wa mbali ni Wairaqw wa Mbulu na Karatu. Kipyam, ambacho hujawahi kukisikia, kiko kwenye ukoo ule ule mkubwa ulioleta lugha zetu za Kibantu. Ni binamu yetu. Yule anayefanana nasi kwa nguo ni jirani, na ndugu wa damu tumepotezana miaka maelfu hata hatufanani sura.

Kwa hiyo muulize leo jioni, mama huwa anaongea lugha gani na bibi? Akisema Kihausa, unazo salamu zako tatu. Akitaja nyingine, mwombe akufundishe ya asubuhi, ya jioni na ya kushukuru kwa hiyo lugha. Usishangae akinyamaza kwanza na kukuna kichwa. Vijana wengi waliokulia mjini wanakisikia cha nyumbani ila hawakiongei, kama sisi wa Dar na Kipare chetu na Kizigua chetu. Hapo itabidi mpige simu pamoja, na mama awafundishe wote wawili.